Kujikinai, majivuno, kiburi, maringo, majigambo au kujisikia: lipi linamfaa mtu wako?

Katika kikao cha kwanza alionya kwamba mpango ule utakwama. Wenzake wakamsikiliza kwa adabu, wakapiga kura, wakaendelea. Mpango umekwama kweli. Sasa wanapekua makaratasi wakitafuta pa kuanzia upya, naye amejiegemeza kwenye kiti, mikono ameifunga kifuani, pembe moja ya mdomo imepanda kidogo. Hasemi kitu. "Si niliwaambia?" inasomeka usoni pake.

Kilichomjaa mtu huyu kinaitwaje? Furaha haitoshi, maana mtu anaweza kufurahi bila kuwa amemshinda yeyote. Fahari inakaribia, ila fahari ni neno safi mno kwake. Mwandishi aliyebanwa na muda hushika lililo karibu, mara nyingi kiburi, akaendelea mbele. Msomaji naye anampokea mkaidi mahali palipokuwa na mtu aliyetulia tuli, ameridhika na nafsi yake.

Maneno hayapungui. Tatizo ni kwamba yako mengi na kila moja linaangalia upande wake. Nimechukua sita ambayo hugombea nafasi ileile katika sentensi: kujikinai, kujivuna na majivuno yake, kiburi, kuringa na maringo yake, kujigamba na majigambo yake, na kujiona, ambalo nitalihesabu pamoja na kujisikia kwa sababu yanafanya kazi moja. Mengine kama kutakabari, kujitapa, kujinaki na kujidai yatapita njiani pale yanapohitajika. Huyu bwana wa kikaoni tutamrudia mara kwa mara, kwa kuwa anayaweka maneno yote kwenye mtihani mmoja.

Vipimo vya kuchagulia

Nayapima kwa maswali matano. Hali inayotajwa inaishi wapi: moyoni, mwilini au mdomoni? Je, ni lazima awepo mtu anayedharauliwa? Mhusika ana sababu ya kweli ya kujiona hivyo, na neno lenyewe linauma kiasi gani likisemwa? Sarufi yake inakuruhusu kufanya nini? Na mwisho, nani atalielewa bila kufungua kamusi?

Swali la kwanza ndilo linaloamua mambo mengi, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Moyoni, mwilini au mdomoni

Majigambo ni ya mdomoni. Bila maneno hakuna majigambo, na ndivyo ilivyo pia kwa ndugu zake: kujitapa, kujisifu, kujinaki. Bwana wetu amenyamaza, hivyo hajigambi. Siku atakaposimama na kusema, "Mimi nikisema jambo, limesemwa," hapo neno litakuwa lake. Inafaa kukumbuka kwamba majigambo yana heshima yake katika fasihi simulizi. Ni utanzu kamili, ambao msanii hujitokeza mbele ya hadhira akajisifu kwa matendo yake kwa lugha ya kishairi. Vivugo vya Wahaya wa Kagera ni mfano unaotajwa sana, na tungo zinazohusishwa na Fumo Liyongo zina mistari ya kujitapa ushujaa. Huko kujigamba si tabia mbaya, ni kazi inayopimwa kwa ustadi. Ukimwita mhusika wako mwenye majigambo, hakikisha msomaji ameisikia sauti yake kwanza.

Maringo ni ya mwilini. Shingo, mabega, hatua, jinsi mtu anavyogeuka akiitwa. Anayeringa unamtambua kwa mbali kabla hujasikia sauti yake. Neno hili lina jamaa wengi, na kuwatenganisha kunalipa. Madaha ni mwendo na miondoko ya kupendeza, karibu na sifa njema. Mikogo inataka kutazamwa. Mbwembwe zinaongeza mapambo juu ya jambo ambalo lingefanyika bila hayo. Nyodo, linalosikika sana Tanzania, lina sumu ndani yake: ni kubetua midomo, ni kumpandisha mtu na kumshusha kwa macho, ni kujibu kwa nusu neno. Iwapo ile pembe ya mdomo wa bwana wetu imepanda kwa ajili ya kuonekana, anazo nyodo kidogo. Iwapo imepanda yenyewe na hajui, maringo si neno lake.

Kiburi kinaishi mahali pa ajabu kidogo: katika uamuzi. Hukioni mpaka mtu aambiwe jambo naye akatae. Akatae kuomba radhi, akatae kusahihishwa, akatae kuitika. Mzazi akisema "mtoto huyu ana kiburi," mara nyingi hamaanishi kwamba mtoto anajiona bora kuliko watu wengine. Anamaanisha kwamba haambiliki. Kisa cha Iblisi kukataa kusujudu ni kisa cha kiburi kwa maana hiyohiyo: kosa limeonekana pale alipoamriwa na akakataa. Kwa hiyo bwana wetu aliyekaa kimya hana kiburi bado. Mwenzake akimwendea na kusema, "Tusaidie, wewe uliliona hili," naye akatazama dirishani, hapo kiburi kimefika.

Majivuno yanasimama katikati. Chanzo kiko moyoni, lakini hayakai huko muda mrefu. Yanavuja kupitia maneno, mavazi, namna ya kusalimia. Na mara nyingi yanategemea kitu: mali, elimu, ukoo, sura, cheo. Mtu hujivuna kwa jambo fulani, hata kama jambo hilo halitajwi. Kwa bwana wetu, jambo ni akili yake. Alitabiri na ikawa.

Kujiona na kujisikia ni hadithi nyingine kabisa, kwa kuwa hayaelezi sana hali ya anayesemwa. Yanaeleza hisia za anayesema. "Anajiona" ni hukumu yangu juu ya anachokifikiria yeye, na sihitaji ushahidi. Mtu amepita bila kunisalimia, nikasema anajisikia sana. Huenda hakuniona. Huenda alikuwa na mawazo yake. Neno halijali. Ndiyo maana linafaa sana katika mazungumzo ya wahusika, na ni la hatari katika sauti ya msimulizi anayetaka kuaminiwa.

Sasa kujikinai. Kukinai, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kutosheka na ulicho nacho, na mtu mkinaifu ni mtu wa kusifiwa. Kwa Kiswahili neno limeongeza maana ya tumbo: mtu aliyekula hadi hamu ikamtoka amekinai, na chakula kizito chenye mafuta mengi hukinaisha. Weka ile -ji- mbele, na sasa mtu ameshiba nafsi yake mwenyewe. Hana tena njaa ya kujifunza, ya kusikilizwa, wala ya kupongezwa. Amejitosha. Kati ya maneno yote sita, ni hili pekee linalokaa ndani kabisa bila kuhitaji sauti wala mkao wala agizo la kukataa.

Ushahidi mzuri wa matumizi yake uko katika Biblia ya mwaka 1952, ile ambayo wengi huiita Union Version. Luka 18:9 inaanza mfano wa Farisayo na mtoza ushuru kwa kusema uliwahusu watu "waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki, wakiwadharau wengine wote." Watafsiri wale walikuwa na kiburi, majivuno na kutakabari mkononi, na kwingineko wameyatumia. Hapa wakachagua kujikinai, nami naona walipatia. Farisayo yule hapigi kelele wala hamkatalii Mungu jambo. Anaomba moyoni mwake, na anachokisema ni shukrani: asante kwa kuwa mimi si kama watu wengine. Majivuno yaliyovaa nguo za shukrani ni vigumu kuyakamata kwa neno linalotafuta kelele.

Je, lazima awepo wa kudharauliwa?

Rudi kwenye mstari uleule wa Luka. Baada ya "waliojikinai" mtafsiri ameongeza "wakiwadharau wengine wote." Kama dharau ingekuwa tayari ndani ya kujikinai, nyongeza hiyo ingekuwa ya bure. Kumbe mtu anaweza kujikinai peke yake chumbani bila kumfikiria yeyote. Dharau hufuata mara nyingi, lakini inakuja kama kitenzi cha pili, na wewe mwandishi ndiye utakayekiandika. Usipokiandika, msomaji atapata mtu aliyeridhika tu.

Kiburi hakiwezi kukaa peke yake namna hiyo. Kinahitaji mtu wa kukatalia, awe juu au awe chini. Maringo yanahitaji mtazamaji, na sarufi inakubali: kuna kumringia mtu, na kuna kumringishia mtu kitu. Yule mtoto anayekuringishia simu mpya hakudharau. Anataka utamani. Majigambo yanahitaji msikilizaji, hata mmoja, hata asiyetaka. Majivuno yanaweza kwenda pande zote mbili, pamoja na mtu au bila mtu.

Katika kujiona na kujisikia, anayedharauliwa yupo daima, na ndiye anayesema. Ukisikia mtu analalamika kwamba fulani anajisikia, tafuta mahali alipoumizwa msemaji, utapapata.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna kati ya maneno haya sita kinachokibeba: ule utamu wa kuona wengine wameanguka. Bwana wetu anao, na ndio unaomfanya asipendeze. Usitegemee neno moja likufanyie kazi hiyo. Ongeza: "akawacheka moyoni," "akaona tamu," "akafurahia kuanguka kwao." Wengine hukimbilia masimango, lakini masimango ni kumtajia mtu mabaya yake au mema uliyomtendea ili aumie, tena kwa maneno. Mtu aliyenyamaza hasimangi.

Ana haki au hana, na neno linauma kiasi gani?

Huyu alikuwa sahihi. Tusimnyime hilo. Alionya, na yakatokea. Neno litakalochaguliwa litamwambia msomaji kama unaukubali ukweli huo au unauficha.

Majigambo yanautia shaka. Anayesikia kwamba mtu anajigamba hukumbuka haraka kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Kwa hiyo ukimwita mwenye majigambo mtu ambaye kweli ana uwezo, unamdhulumu, labda kwa makusudi. Kujidai kunaelekea hukohuko, kwa kuwa neno hilo lina maana mbili zinazoshikana, kujionyesha na kujifanya ulivyo sivyo. Na mtu aliyepata jana akaanza kutamba leo ana jina lake kamili, limbukeni, ambalo linagusa mapato yake mapya kuliko moyo wake.

Kujikinai hakubishani na ukweli wa mtu. Inawezekana kweli ana haki, kweli ana akili, kweli alionya. Kosa liko katika kutosheka kwake, katika kuona kwamba kuwa sahihi kumemaliza wajibu wake. Ndiyo maana kwa watu wema waliokwisha kujua kuwa ni wema, neno hili ni kali kuliko yote, ingawa kwa masikio halina ukali. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kutomjua huko hakutokani na chuki.

Kiburi ndicho kizito. Dini zote mbili kubwa za waswahili zimekipa uzito wa dhambi, na wazee wamesema kiburi si maungwana. Kumwambia mtu usoni kwamba ana kiburi ni kuvunja mazungumzo. Kumwambia mtu aliyekuzidi umri ni jambo lingine zima, huthubutu bila kujiandaa kwa matokeo.

Maringo, kwa upande wake, yanaweza kuwa mepesi hata matamu. Bibi harusi huambiwa "ringa, leo siku yako." Mtoto aliyevaa nguo mpya anataniwa kwa maringo yake na anacheka. Jaribu kuweka kiburi katika sentensi hizo uone zinavyovunjika. Hata majivuno hayaingii. Ukiwa na mhusika unayemtaka msomaji ampende licha ya kasoro yake, mpe maringo.

Kujisikia kunauma kwa njia ya pekee: kunamtoa mtu kwenye kundi. Kinyume chake kinalidhihirisha hilo. "Ana pesa lakini hajisikii" ni sifa kubwa, jirani ya "hana makuu." Anayesifiwa hivyo ameruhusiwa kubaki mmoja wetu. Anayesemwa kwamba anajisikia ameshawekwa pembeni.

Sarufi inakuruhusu nini

Ukitazama orodha yetu utaona -ji- karibu kila mahali. Kusifu ni kuzuri, kujisifu kunatia shaka. Kukweza, kujikweza. Kutukuza, kujitukuza. Kuona na kusikia havina lawama yoyote, mpaka uvigeuze virudi kwa mwenyewe. Inaonekana lugha yenyewe haipendi mtu ajifanyie kile ambacho wengine walipaswa kumfanyia. Usiigeuze kuwa kanuni, hata hivyo, maana kujituma, kujiheshimu na kujitegemea ni mema matupu.

Kosa ninaloliona sana kwa wahariri wachanga liko katika kujivuna na kujivunia. Herufi moja, maana mbili. "Anajivuna" ni lawama. "Anajivunia kazi yake" kwa kawaida ni sifa, na ndiyo sababu mataifa hujivunia lugha zao na shule hujivunia wanafunzi wao bila aibu. Kile kiambishi cha kutendea kinampa mtu kitu nje ya nafsi yake cha kushikilia, na lawama inapungua mara moja. Ukiandika kwamba bwana wetu "anajivunia utabiri wake," umempongeza. Ukiandika "anajivuna," umemshtaki. Jina majivuno limebaki upande wa lawama, pamoja na mjivuni.

Kiburi ni jina tu, na hilo lina faida. Jina linaweza kumilikiwa, kupewa, kushushwa, kuvunjwa. Kiswahili kinauliza swali zuri sana: "Ni nini kinachompa kiburi?" Swali hilo haliwezekani kwa majigambo wala kujikinai. Ukitaka kitenzi, utatumia kutakabari, ambacho kina harufu ya mahubiri, au utasema "kufanya kiburi." Kwamba kutakabari na kujivuna si kitu kimoja inaonekana katika Biblia hiyohiyo, 1 Wakorintho 13:4, ambapo upendo "hautakabari, haujivuni." Watafsiri waliyaweka mawili kwa sababu walihitaji mawili.

Kujiona na kujisikia yanategemea kitakachofuata. "Anajisikia vibaya" ni mgonjwa. "Anajiona mpweke" anahitaji mtu wa kuongea naye. Yakiachwa bila kitu mbele, au yakifuatwa na sana, ndipo yanapogeuka kuwa lawama. "Anajiona mjanja" iko katikati, na mara nyingi mwisho wa hadithi unamsuta.

Kuringa kuna utajiri wa minyambuliko, kuringia, kuringisha, kuringishia, kwa hiyo linafaa pale ambapo kuna kitu na mtu wa kuonyeshwa.

Kujikinai ndiko kunakosumbua. Kitenzi kipo, jina linaloeleweka halipo. Kinaya kwa maana yake kongwe lilikuwa karibu sana na tunachokitafuta, hali ya kujitosha inayoelekea ujuvi. Lakini leo mwanafunzi wa fasihi, hasa Kenya, akisoma kinaya anafikiria mbinu ya sanaa: jambo kutokea kinyume na matarajio, au mtu kusema kinyume cha anachomaanisha. Ukiandika "alitabasamu kwa kinaya," nusu ya wasomaji wataona kejeli. Ukinaifu nao umebaki upande wa sifa njema. Inabidi utumie kitenzi-jina: "uso wa kujikinai," "kujikinai kwake kuliwaudhi." Ni kurefu kidogo, lakini kunasimama.

Nani atakuelewa

Kiburi, majivuno, maringo na majigambo yanaeleweka kuanzia Lamu hadi Kigoma, kwa mtoto na kwa mzee. Kujiona na kujisikia pia yanaeleweka pote, ila ni ya mazungumzo. Katika taarifa ya ofisi au hukumu yataonekana yamepotea njia. Kujikinai ni la wasomaji. Waumini waliokulia kwenye Biblia ya zamani watalitambua, na wapenzi wa ushairi pia. Kijana wa leo huenda akalipata maana kutokana na muktadha, au akadhani mtu amechoka na chakula. Maneno ya mitaani kama kuvimba au kujimwambafai yana uhai mwingi lakini umri wake haujulikani. Yaweke midomoni mwa wahusika wa rika lake, uyaache hapo.

Ukiwa na hali hii, anzia hapa

Unatafsiri hadithi na mhusika ana lile tabasamu la kimya la mtu aliyethibitishwa kuwa sahihi. Jaribu kujikinai kwanza, na umsaidie msomaji kwa kitenzi kingine karibu: "alitabasamu kama mtu aliyejikinai, asiyedaiwa neno na yeyote." Kama kitabu ni cha watoto, achana nalo. Andika alichokifanya kwa mwili, kisha useme "alijiona mshindi."

Unaandika mazungumzo. Mhusika mmoja anamlalamikia mwingine. Kujisikia na kujiona ndiyo yatakayosikika ya kweli, na yatakupa bure hisia za mlalamikaji. Nyodo pia, ikiwa wahusika wako ni wa Tanzania na kuna midomo iliyobetuliwa.

Unaandika makala ya maoni kuhusu kiongozi. Jiulize unamlaumu kwa lipi. Hasikii ushauri? Kiburi. Anahesabu mafanikio yake kila jukwaani? Majigambo. Ameridhika na alichokwisha kufanya, hata hauoni tena upungufu? Kujikinai, na hapo ueleze kwa sentensi moja unachomaanisha, kwa sababu wasomaji wa makala hawana subira ya wasomaji wa riwaya. Ukiyarundika yote matatu katika aya moja, msomaji ataona hasira yako kuliko kosa lake.

Unaandika mahubiri au mawaidha. Kiburi, majivuno na kutakabari yana nguvu ya kusikika kwa karne nyingi, lakini uzoefu huo umeyachosha pia. Wasikilizaji wamezoea kudhani yanamhusu jirani. Kujikinai kunaweza kumfikia yule aliyekaa mstari wa mbele na hajawahi kujiona ana kiburi.

Unamwandikia mtu barua ya pongezi, au wasifu wa marehemu, na unataka kusema alikuwa na fahari na kazi yake. Kujivunia, na uangalie ile i isidondoke.

Unamtania rafiki aliyepata jambo jema. Maringo tu. Mwambie aringe.

Na kama mhusika wako ni yule bwana wa kikaoni hasa, na hadithi bado inaendelea, unaweza kumbadilishia maneno kadiri anavyosogea. Kimya chake kwenye kiti ni kujikinai. Akitembea kwenda mlangoni huku wote wanamtazama, maringo yameanza. Akiambiwa arudi asaidie na asigeuke, ni kiburi. Jioni akimsimulia mkewe jinsi alivyowaona tangu mwanzo, anajigamba. Na wenzake, wakibaki na makaratasi yao, watasema anajisikia.